Vijiti Kumi na Sita

27 Oktoba
Vumbi tu. Swala hamsini na wanane. Mvua haina hata dalili.

29 Oktoba
Fomu za ofisi zina nafasi ya namba peke yake, kwa hiyo nimeanza daftari hili la kwangu, la mambo yasiyoingia kwenye fomu. Kazi yangu ni kuhesabu swala. Nyumbani wakiniuliza nafanya nini huku nyikani nikawajibu hivyo, hucheka wakidhani natania, na mwaka unaofuata huniuliza tena.

Kituo chetu ni jengo moja la mabati lenye vyumba vitatu: changu, cha stoo, na cha shemeji. Mkuu anakaa mjini na huja akipenda. Shemeji alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, ambaye alifariki miaka sita iliyopita. Mama ndiye aliyenisihi nimtafutie kazi huku, nami nikamtafutia kwa ajili ya Mama, si kwa ajili yake. Dada aliugua siku nne nzima kabla hajafikishwa hospitali, na mtu aliyekuwa naye nyumbani siku hizo nne ni huyu. Sijawahi kumwambia, lakini sijawahi kusahau.

Kazi yake ni kusoma nyayo. Tukiwa njiani yeye hutazama chini, mimi hutazama mbele, na hivyo hatulazimiki kutazamana. Ana mbwa mzee aliyempa jina la Msimamizi, kwa sababu mbwa huyo hulala kivulini wengine wakifanya kazi.

2 Novemba
Wiki ya saba sasa swala hawajaonja maji ya kisima wala ya dimbwi. Wanaishi kwa umande. Kabla jua halijachomoza huwa wameshainama kula, kwa sababu saa hizo nyasi zimelowa, na ikifika saa tatu wanaacha, wanasimama wakiligeuzia jua mgongo ili limpate kila mmoja sehemu ndogo tu. Nimewaona wakichimbua mizizi kwa kwato. Mtu angewaonea huruma, lakini wao hawana haraka wala hawalalamiki.

Shemeji alinionyesha jani la nyasi lenye tone jeusi nchani, kama lami. Dume hulipaka kwa tundu lililo chini ya jicho lake, kutangaza kwamba hapo ni kwake. Nikasema huyo ni kama mwenye nyumba wangu wa zamani, aliyeandika jina lake hadi kwenye ndoo ya chooni. Shemeji alicheka sana, nami nikacheka. Kisha nikamkumbuka dada na nikanyamaza njia nzima.

9 Novemba
Mvua. Nimelala usingizi wa mtoto.

13 Novemba
Leo amezaliwa wa kwanza. Mama yake tunamwita Pembemoja, kwa sababu pembe ya kulia ilivunjika mwaka juzi. Alijitenga na kundi tangu asubuhi. Tulilala kifudifudi juu ya kilima mimi na shemeji, tukipokezana darubini.

Alimlamba mtoto, akala kondo la nyuma lote, akala na nyasi zilizolowa damu, hakuacha kitu cha kunukia. Baada ya nusu saa mtoto alisimama kwa miguu inayotetemeka, akanyonya, halafu akaondoka mwenyewe kwenda kutafuta pa kujificha. Hilo ndilo linalonishangaza kila msimu. Mama hamchagulii. Mtoto wa nusu saa anajichagulia shimo lake kwenye nyasi, analala, anabandika kidevu chini, masikio nyuma, na hapo hata umkanyage hatikisiki. Hana harufu. Mama huenda kula mbali, kama vile hajazaa, na hurudi mara chache tu kwa siku. Akifika karibu huita, mtoto huinuka, hunyonya, na mama humla hadi choo chake ili pasibaki dalili. Halafu mtoto huondoka tena na kuchagua shimo jingine, si mbali na lile la kwanza.

Yote hayo kwa wiki mbili au tatu, mpaka miguu ikomae. Kinga yake yote ni kutojulikana alipo.

15 Novemba
Mkuu anataka kujua ni watoto wangapi hufikisha mwezi mmoja. Kila mwaka tunashindwa kumjibu kwa sababu wakishajificha hata sisi hatuwaoni tena. Mwaka huu nimepata akili. Nimechana pazia langu kuukuu jekundu vipande kumi na sita na kufunga kila kipande kwenye kijiti chenye namba. Mtoto akizaliwa, naenda hadi alipolala, napima hatua ishirini, nachomeka kijiti. Akihama, nakihamisha. Asubuhi napita nikiwahakiki mmoja mmoja. Mkuu amesema kwenye simu kwamba hilo ni wazo la kisomi. Nimefurahi, sifichi.

Buti zangu za ngozi zinavuja. Nimezipaka mafuta ya ng'ombe mpaka zimeng'aa. Zinanuka, lakini miguu mikavu.

18 Novemba
Vijiti vitano. Njia yangu ya asubuhi imeanza kuonekana kwenye nyasi.

19 Novemba
Shemeji ananiambia nisipite njia moja kila siku. Nikamuuliza nipite njia ngapi, mimi nina miguu miwili. Akasema, "Shemeji, bweha naye ana macho." Nikajua ni uvivu. Anayezunguka hutembea zaidi, na anayetembea zaidi ni lazima asindikizwe. Yeye hajazoea kutembea zaidi.

22 Novemba
Namba moja hayupo. Mahali alipolala pamebaki kipande cha ngozi na kwato moja ndogo kama kifungo cha shati. Pembemoja amesimama pale tangu asubuhi. Anaita, anasikiliza, anaenda hatua chache, anarudi, anaita tena. Maziwa yanamdondoka. Nimekaa naye mpaka jua lilipopanda sana, nikaona aibu bila kujua naona aibu ya nini.

Kwenye tope kuna nyayo za mnyama wa jamii ya mbwa.

26 Novemba
Namba tatu na namba nne, siku moja. Nyayo zile zile.

Nilimwita shemeji nikamwonyesha. Akachutama, akapima kwa vidole, akasema ni bweha wawili, dume na jike. Nikasema mimi naona mbwa. Akasema unyayo wa mbwa ni mpana zaidi. Nikamuuliza Msimamizi alikuwa wapi alfajiri. Hapo aliinua uso akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Shemeji, huyu mbwa mimi namlowekea mkate kwenye chai. Atamtafuna swala kwa meno gani?"

Niligeuka nikaondoka. Mtu mwenye makosa siku zote huwa na jibu la haraka, na yeye hata msibani hakukosa la kuwajibu watu.

28 Novemba
Duma amepita leo. Alitembea wazi, tumbo limebana, nasi juu ya kilima tukashika pumzi. Swala hawakukimbia. Waligeuka wote kumtazama, wakakoroma puani, na madume vijana wawili wakaanza kuruka juu, miguu minne imenyooka kama vigingi, mgongo umepinda, wakitua pale pale na kuruka tena. Mtu asiyejua angesema wamepagawa. Shemeji akanong'ona kwamba wanamwambia: tumeshakuona, na nguvu tunazo, usijisumbue. Duma alisimama kidogo, akajilamba, akaenda zake.

Tulishuka tukizungumza kama watu wanaopendana. Alinisimulia jinsi dada alivyokuwa akimwigiza dume wa swala anayeruka hivyo, kila wateja wenye deni la saluni yake walipomkwepa njiani. Nilicheka machozi yakanitoka.

2 Desemba
Hicho kicheko nimekijutia mapema. Kijiti namba sita na namba tisa vimetoweka. Sijawapata watoto wenyewe, nimekanyaga nyasi hadi adhuhuri. Nimewaandika waliopotea.

4 Desemba
Namba kumi na namba kumi na tatu, vijiti hakuna. Namba mbili, tano na saba wameliwa. Nalala na ghadhabu, naamka nayo.

5 Desemba
Nimevipata.

Jembe langu lilikatika mpini, nikaenda chumbani kwa shemeji kuchukua lake, yeye akiwa kisimani. Chumba chake hakina kitu: kitanda, shati la pili msumarini, picha ya dada kwenye dirisha. Jembe lilikuwa nyuma ya mlango. Pembeni yake kulikuwa na vijiti vinne, vimefungwa pamoja kwa kamba, na vitambaa vyangu vyekundu vimekunjwa vizuri ndani. Sita, tisa, kumi, kumi na tatu.

Nilimngoja mlangoni navyo mkononi. Alitua ndoo polepole, maji yasimwagike.

"Nimeving'oa mimi," akasema. "Shemeji, umewachomekea bendera. Ni kama umewaandikia bweha anwani."

Nikamwambia anafuta ushahidi wa mbwa wake. Nikamwambia kazi yangu yote ya msimu ameiharibu. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na la dada, lile la siku nne. Sikupiga kelele. Nilisema taratibu, kila neno kwa nafasi yake, na nilijisikia vizuri nikilisema, hilo nakiri.

Alimwita Msimamizi, akaingia ndani, akarudishia mlango. Nikampigia Mkuu.

7 Desemba
Mkuu alikuja, akaviona vijiti, akasoma maelezo yangu. Nilikuwa nimeandika vizuri. Alimwita shemeji stoo kwa dakika kumi. Baada ya hapo shemeji alitoka na mfuko mmoja na picha ya dada chini ya kwapa, mbwa nyuma yake. Mkuu alijitolea kumpa lifti hadi barabarani, akakataa, akasema Msimamizi hutapika garini.

Walikwenda kwa miguu. Kwa muda mrefu niliweza kuwaona, kwa sababu mbwa alikuwa akisimama kupumzika na yeye akisimama kumngoja.

9 Desemba
Mvua kutwa. Vijiti vitatu vipya. Nahesabu peke yangu.

11 Desemba
Namba nane, namba kumi na moja. Nyayo zile zile. Mbwa ameondoka siku nne zilizopita. Nimejiambia atakuwa amerudi mwenyewe, mbwa hurudi walikozoea. Nimezunguka kituo chote nikimwita. Nilikuwa nikimwita kwa sauti ya kubembeleza, na sijui ningefanya nini kama angekuja.

13 Desemba
Jumapili, siku ya simu ya Mama. Alijua tayari. Mkwe wake alipita kwake, akamtengenezea bawaba ya mlango, akala, akaaga. Hakunilaumu na hakusema neno lolote juu ya kazi. Nilisubiri anilaumu ili nijitetee. Mwishowe nikaanza mwenyewe, nikasema, Mama, mtu aliyemwacha dada siku nne.

Nilisikia Mama akivuta kiti.

"Dada yako ndiye aliyekataa kwenda," Mama akasema. "Mumewe alileta gari mara mbili. Nilikuwepo. Alisema hataki kufia barabarani, anataka alale kwake. Siku ya nne tulimbeba kwa nguvu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote sita. Akasema nilikuja msibani nikiwa nimeshaamua, na tangu hapo sijauliza.

14 Desemba
Sikwenda kuhesabu.

16 Desemba
Namba kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano. Amebaki mmoja, namba kumi na sita, mtoto wa jike mwembamba mwenye mkia mfupi. Kesho na keshokutwa sishuki. Nitakaa kilimani na darubini nione ni nani.

18 Desemba
Lazima niandike leo, la sivyo kesho nitaanza kulipunguza.

Jana sikushuka, hakuna kilichotokea. Leo alfajiri nilishuka kidogo tu, nikahakiki namba kumi na sita yupo, nikapanda kilimani kwa njia yangu ile ile. Sikuwa nimekaa robo saa walipotokea. Bweha wawili, dume na jike. Hawakuwa wakiwinda kama bweha wanavyowinda, wakikatiza nyasi huku na huku. Walikuwa kwenye njia yangu. Pua chini, mmoja nyuma ya mwingine, wakifuata kila kona niliyokata, hata pale nilipoteleza nikazunguka kichaka, nao wakazunguka kichaka. Walikuwa wanainusa njia kama vile imepakwa kitu.

Walifika kwenye kijiti cha kwanza, ambacho mtoto wake aliliwa zamani. Hawakusimama. Cha pili, hawakusimama. Walikuwa wanajua vipi vimekwisha. Walipofika kwenye kijiti cha mwisho waliinua vichwa wakatazama kitambaa, halafu wakaanza kukizunguka, duara pana. Nilihesabu kwa macho. Lilikuwa duara la hatua ishirini.

Mama yake aliwaona. Alikuja mbio kutoka mbali, kichwa chini, akampiga bweha dume pembe ubavuni akamwangusha, akamfukuza hadi kwenye mkondo wa maji. Kinyama kidogo kama yule, anafukuza bweha! Lakini wao ni wawili, na yule bweha jike alikuwa ameketi akingoja hilo tu. Aliingia kwenye nyasi, akatoka na mtoto mdomoni.

Nilikimbia nikipiga mayowe. Nilipofika hapakuwa na kitu, isipokuwa kitambaa cha pazia langu kikipepea.

Watoto kumi na wawili. Mama zao walikula hadi damu ili pasibaki harufu, na mimi kila asubuhi nilikwenda kuwaonyesha walipolala. Mtu mmoja alijua, akaniambia mara mbili kwa adabu, na nilipokataa kusikia akaanza kuwaokoa kimyakimya, na mimi ndiye niliyemfukuza. Sina pa kuuweka ubaya huu. Nimeukalia kutwa.

20 Desemba
Nimeng'oa vijiti vyote nikavichoma. Nimempigia Mkuu nikamweleza tangu mwanzo. Alinisikiliza, kisha akasema taarifa ya mwezi uliopita imekwishapelekwa mbele, njia ya vijiti imependwa, na vituo vingine viwili vinataka kuijaribu. Nikamwambia awazuie leo hii. Akasema niandike barua. Nimeandika barua tatu, moja kwake na moja kwa kila kituo. Kuhusu shemeji alisema milango iko wazi akitaka kurudi, kama vile ni yeye aliyejifungia.

25 Desemba
Mvua imepungua. Pembemoja anatembea na dume. Kabla nyasi hazijakauka atakuwa na mimba nyingine. Swala hawana muda wa kuomboleza zaidi ya siku moja au mbili, na sasa naelewa kwamba hilo si ugumu wa moyo.

4 Januari
Nimekaa kilimani, nikihesabu bila kushuka. Kundi limetoka kwenye nyasi ndefu, likaenda kwenye nyasi fupi ambako huona mbali. Nikaona vichwa vidogo. Nilifuta darubini kwa shati nikatazama tena. Watoto wanne, miguu imekomaa, wakifukuzana na kuruka ule mruko wa vigingi, bila duma wala nini, kwa raha zao tu.

Niliwatambua kwa mama zao: mwenye kovu pajani, mwekundu, mkubwa aliyechanika sikio, na yule mwoga asiyekaribia kundi. Nikafungua fomu ya Novemba. Sita, tisa, kumi, kumi na tatu. Wale niliowaandika waliopotea.

11 Januari
Nilimpata kwenye karakana ya milango, nyuma ya stendi. Anapiga msasa. Mtu aliyekuwa akiona kwato kwenye mwamba mkavu sasa amefunga kitambaa puani na ameinamia ubao, kope nyeupe kwa vumbi. Msimamizi amelala chini ya benchi, kama kawaida.

Nilikuwa nimejipanga maneno ndani ya basi. Yote yalinitoroka. Nikasema tu, "Shemeji, walikuwa bweha. Na ni mimi niliyewaleta. Nisamehe."

Alizima mashine. Akaniuliza, "Wale wanne?"

Nikamwambia wapo. Nikamweleza mmoja mmoja, mama yake na rangi yake. Alishusha kitambaa puani, akasikiliza akitabasamu kidogo, na akaniuliza yule mwoga kama amekubali kuingia kundini. Kisha nikamwambia la dada, kwamba Mama amenieleza. Alitikisa kichwa akatazama ubao wake. Akasema hakutaka nimchukie dada kwa ukaidi wake, kwa hiyo aliona ni heri nimchukie yeye, yeye anaweza kubeba.

Nilimwomba arudi. Alikataa kwa upole. Akasema hana kinyongo, ila kule atakuwa anasoma nyayo zangu badala ya za swala.

"Najuta na mimi," akasema. "Ningeving'oa vyote mchana kweupe, tukagombana mara moja yakaisha. Lakini nilikuogopa. Nikawa nang'oa kimoja kimoja kama mwizi. Siku ile uliyonikuta nilikuwa nimepanga kesho yake nikang'oe cha nane na cha kumi na moja."

Ndipo Msimamizi alipoamka. Alijinyoosha, akaja kwangu akitikisa mkia, mbwa niliyemwandika kwenye maelezo yangu kuwa hatari kwa wanyamapori. Nikadhani ananisalimu. Alinusa buti zangu, akalala chini, akaanza kuzilamba, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto, taratibu, kwa kinywa chake kisicho na meno. Alilamba mafuta ya ng'ombe mpaka ngozi ikafifia.

Tulimtazama sote wawili, nami nikawaona tena wale bweha, pua chini kwenye njia yangu.

14 Januari
Swala sitini na wawili. Watoto wanne. Nimewahesabu kutoka kilimani, peku, na sikushuka.